Kisanduku cha Kijivu

Mwezi wa Julai upepo wa Ufipa hauna huruma kwa wazee. Asubuhi moja ya namna hiyo nilivaa koti langu zito, nikashika njia kwenda ofisi ya shule moja hapa Sumbawanga. Tangu nistaafu, huitwa pale mara kwa mara kusaidia kumbukumbu za wanafunzi wa zamani. Nilikuwa mkuu wa shule kwa miaka mingi, na utumishi wangu niliumalizia nikifundisha chuo cha ualimu.

Siku hiyo alikuja binti kutoka bonde la Ziwa Rukwa. Alikuwa amepanda Lyamba lya Mfipa juu ya gari la mizigo, akitafuta barua ya kuthibitisha kwamba alisoma pale, pamoja na namba yake ya mtihani. Karani akafungua fomu kwenye kompyuta. Visanduku vinavyoweza kubadilishwa, kama anwani na simu, vilikuwa vyeupe na maandishi yake meusi. Jina na namba ya mtihani vilikuwa vimefungwa ili mtu asivichezee. Basi herufi zake zilikuwa za kijivu juu ya kijivu. Karani alijaribu kuinakili namba ile kwa mashine, kisanduku kikakataa.

"Mwalimu, nisomee niandike," akasema.

Nikainama, nikasoma. Mahali palipokuwa na 8, mimi niliona 3. Barua ikapigwa muhuri, binti akaondoka nayo.

Baada ya wiki mbili alirudi. Barua ilikuwa imekataliwa alikoipeleka, na nauli ya mara ya pili alikuwa ameikopa. Nilimwuliza kama hakuliona kosa siku ile. Akatazama chini.

"Niliona, Mwalimu. Niliogopa kukusahihisha."

Jioni nilimsimulia mjukuu wangu, ambaye kazi yake ni kutengeneza programu za kompyuta. "Babu," akaniambia, "kosa si la macho yako peke yake." Kweli nina mtoto wa jicho, na ugonjwa huo hufifisha tofauti kati ya rangi na rangi. Lakini akanieleza kwamba katika fomu za Windows kuna njia mbili za kufunga kisanduku. Ya kwanza ni kukizima kabisa. Ukikizima, mfumo wenyewe huzipaka herufi kijivu na hausikii rangi unayoiamuru wewe. Wala huwezi kuyachagua maneno yaliyomo ili uyanakili. Ya pili ni kukifanya cha kusomwa tu. Hicho hakikubali kuandikwa, lakini maneno yake hunakilika. Nacho kina ukaidi wake: ukiamuru rangi ya herufi peke yake, hakitii. Sharti kwanza utaje rangi ya mandharinyuma, hata kama ni ileile ya zamani, ndipo rangi ya herufi itakapokubali.

Akaniambia pia kwamba mwongozo wa kimataifa wa kurasa za kompyuta unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake isipungue 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe hufika 21 kwa 1. Ila mwongozo huohuo unavisamehe visanduku vilivyozimwa, kana kwamba kisichoweza kubadilishwa hakina haja ya kusomwa.

Jambo hilo lilinikosesha usingizi. Katika fomu ile, kilichofungwa ndicho kilichokuwa na thamani kuliko vyote. Anwani ya mtu hubadilika. Namba yake ya mtihani haibadiliki mpaka kufa. Sisi wa zamani tuliiandika kwa wino mzito kusudi isifutike, na wala hatukuifanya ififie ili isiguswe.

Kisha nikamkumbuka binti yule. Yeye alikuwa anaijua namba yake kwa moyo, naye alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Ni nani aliyemzima? Si kompyuta. Ni sisi walimu, na mimi nikiwemo, tuliozoea kuishika kalamu nyekundu peke yetu kwa miaka mingi, tukidhani mtoto aliyenyamaza ndiye mwenye adabu.

Nilimrudishia nauli zake zote mbili, nikamwomba radhi mbele ya karani. Katika utumishi wangu wote sikuwahi kumwomba radhi mwanafunzi, na maneno yalinitoka kwa shida. Mjukuu wangu, kwa idhini ya ofisi, alivifanya visanduku vile kuwa vya kusomwa tu, herufi nyeusi juu ya rangi ya maziwa, na pembeni akaandika: "Hairekebishwi hapa."

Nami nimejiwekea utaratibu wangu. Kabla barua haijapigwa muhuri, humpa mwenyewe aishike, pamoja na kalamu yangu nyekundu. Humwambia, "Soma, halafu unisahihishe." Wengi hucheka kwanza. Kisha husoma.