Elinino na Wazee Wake

Msomaji, kila mtaa una nyumba yenye sifa yake. Ipo nyumba ya muziki wa juu, ipo ya ugomvi wa mume na mke, ipo ya mapishi yanayonukia hadi barabarani. Yetu, hapa Kimara, sifa yake ilikuwa mbwa wenye adabu. Ukiulizia kwetu pale kituoni, kijana wa bodaboda atakujibu: "Aa, kwa wale mbwa wastaarabu? Panda twende."

Wastaarabu wenyewe ni wawili. Sajini ni dume la kienyeji, rangi ya tofali la kuchoma, sikio moja limechanika. Sasa anaingia mwaka wa 10. Subira ni jike mweusi mwenye soksi nyeupe miguu ya mbele, mdogo kwa Sajini kwa miaka 3. Hawabweki ovyo. Akipita mtu wanayemfahamu huinua vichwa tu, kama wazee wa barazani wanaoitikia salamu bila kuacha bao lao. Hawagusi chakula mpaka sufuria iwekwe chini na mtu asogee pembeni. Tena kuna jambo ambalo mtaa mzima ulilipenda: alfajiri, majirani zetu Waislamu wakipita na kanzu zao kwenda kuswali, Sajini na Subira hutoka njiani na kukaa kando. Mate ya mbwa kwa wenzetu ni najisi nzito, huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Nani apende kurudi nyumbani kuanza upya saa kumi na moja alfajiri? Kwa ajili hiyo tulipendwa, au tuseme tulivumiliwa, na kwa mfuga mbwa wa Dar es Salaam kuvumiliwa si haba.

Halafu akaja Elinino.

Aliletwa na mdogo wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, ndani ya boksi la sabuni. Jike la kwao rafiki yake lilikuwa limezaa wanane, na mwenye nyumba ile akatoa amri wagawiwe haraka kabla hawajammalizia unga. Huyu alikuwa na wiki 5 hivi: tumbo kubwa, miguu mifupi, macho ya mtu asiyejua kosa. Mzee alimtazama, akasema hatuna haja ya mlinzi wa tatu. Mama akasema usiku umeshaingia, alale leo tu. Msomaji, hiyo "leo tu" ya akina mama unaijua.

Ndani ya mwezi mmoja alikuwa ametafuna ndala 5, zote za mguu wa kulia, sijui wa kushoto ulimkosea nini. Aliingia mzimamzima katika beseni la dagaa. Aliwakimbiza kuku mpaka jogoo akahamia juu ya mpapai. Mama ni fundi cherehani, na siku moja gauni la mteja, sare ya harusi, lilikutwa nyuma ya choo halina mkono mmoja. Kitambaa kikanunuliwa upya, ushonaji ukawa bure. Ndipo mzee alipompa jina. Zile mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 anazikumbuka vizuri, jinsi barabara zilivyokatika na mashamba yalivyozama. "Huyu ni Elinino," akasema. "Akishapita, nyinyi hesabuni hasara."

Wazee wake wawili walimpokea kila mmoja kwa namna yake. Sajini alihama. Kila Elinino alipomrukia mkia, yeye alinyanyuka taratibu akatafuta kivuli kingine, uso umekunjamana kama mstaafu aliyepangishiwa bendi chumba cha pili. Subira hakuhama. Alilala palepale akaacha atafunwe masikio, miguu, hata pua. Lakini jino likizidi, alinguruma mara moja, kwa sauti ya chini kabisa, kisha akamgeuzia mgongo. Mchezo umekwisha! Elinino alibaki ameduwaa, akizunguka upande huu na ule kutafuta uso wa mama mkubwa. Baada ya muda Subira alimrudia, akamlamba kichwa, na mambo yakaanza upya.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nipo nyumbani nasubiri kazi, kwa hiyo nafasi ya kutazama mbwa nilikuwa nayo tele. Nikaanza kuuliza na kusoma. Kumbe mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni, membamba na makali kama sindano. Baadaye hung'oka yote, yakaja 42 ya utu uzima, kazi inayoanza karibu na mwezi wa nne na kuisha kwenye mwezi wa saba. Dunia yote anaijua kwa mdomo. Na yale meno makali yana shule yake: watoto wakicheza wenyewe kwa wenyewe, anayeng'ata kwa nguvu husikia mwenziwe akilia na kukataa kucheza. Mama naye humkatisha. Hivyo ndivyo mbwa anavyojifunza kupima jino lake, na ndiyo maana wataalamu husema asitolewe kwa mama kabla ya wiki 8. Wa kwetu alitolewa na wiki 5. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Elinino alikuwa ameachishwa shule akiwa chekechea, na ulimwengu ulikuwa unamsubiri getini.

Ulimwengu wenyewe ulikuja Jumamosi moja jioni, katika umbo la mpira wa makaratasi. Mpira uliruka ukuta, na mjukuu wa bibi jirani, mtoto wa miaka 6, akaingia kuufuata mbio. Kwa Elinino, kitu kinachokimbia ni mwaliko. Alimfuata kwa furaha zote, akamdaka shavu la mguu. Hakung'ata kwa hasira, lakini sindano ni sindano. Vilitoka vitone vinne vya damu.

Nilimbeba mtoto hadi bombani. Nilishajua la kufanya: sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 bila kukatisha, hata alie vipi. Bibi alifika kanga moja imeburutika, akasimama juu yetu kimya mpaka nilipomaliza. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Amechanjwa, mwanangu?"

Wazee wawili walikuwa na kadi zao, zimegongwa mihuri kila mwaka. Elinino hakuwa nayo. Mzee alikuwa akisubiri atimize miezi mitatu, kama ilivyozoeleka tangu zamani, ingawa siku hizi wataalamu wanashauri hata wadogo zaidi ya hapo wachanjwe. Sikuwa na jibu la kumtuliza bibi. Kichaa cha mbwa si jambo la kuzuga. Dalili zikishamtokea mtu, karibu hakuna anayepona. Kinga ni sindano, na sindano hazisubiri.

Mtaa ukajaa uani kwetu. Mmoja akasema mbwa auawe usiku huohuo, mwingine akasema yeye alishatabiri. Mzee hakusema kitu. Aliingia jikoni akatoka na lile fagio la mpini mrefu. "Samaki mkunje angali mbichi," akasema, akalinyanyua.

Elinino alilitazama fagio, akatikisa mkia. Kwake lilikuwa mchezo mpya. Aliyekimbia ni Sajini. Sajini, mzee wa heshima, sifa ya mtaa, alijikunja mpaka tumbo likagusa ardhi, akajikokota chini ya mnara wa tangi la maji, na huko akajikojolea. Hakuna aliyekuwa amemgusa wala kumtaja.

Uani palikuwa kimya. Wote tuliona. Mzee alisimama na fagio lake juu, akimtazama si mkosaji bali yule mwingine, mbwa aliyemlea mwenyewe miaka ile tulipokuwa wadogo, kwa njia aliyolelewa yeye. Kisha akalishusha, akaliegemeza ukutani polepole. "Mwiteni bwana mifugo," akasema.

Bwana mifugo alikataza mbwa kuuawa. Mbwa aliyemng'ata mtu, akiwa hai, alisema, ni ushahidi. Afungiwe peke yake siku 10, alishwe, aangaliwe. Kama alikuwa na virusi mateni siku alipong'ata, ndani ya siku hizo ataugua na kufa. Akimaliza 10 mzima, basi siku ile hakuwa navyo. Mtoto, hata hivyo, aanze sindano bila kungoja. Mama akatoa pesa alizokuwa akiweka kwa ajili ya cherehani ya umeme. Bibi alizipokea bila kushukuru wala kulaumu.

Elinino akawekwa kwenye banda la zamani la kuku, tukazungushia mbao asigusane na wenzake. Kila asubuhi nilikwenda kumkagua: amekunywa maji? Anameza? Sauti yake ni ileile? Anatokwa mate? Miguu ya nyuma inampeleka sawa? Kwa kweli sijawahi kufurahi namna ile kuona mtu akibweka na kuharibu bakuli lake. Subira alihamishia malazi yake upande wa pili wa mbao. Usiku mtoto akilia, alikuwa akikwaruza ubao mara moja mbili, na kilio kilipungua.

Niliyempeleka mtoto kwenye sindano ni mimi, kwa daladala, kwa sababu miguu ya bibi ilimsumbua. Safari ya pili, tumebanwa dirishani, aliniuliza: "Kaka, Elinino akifa, na mimi nitakufa?"

Abiria wa kiti cha mbele aligeuka. Nikamwambia hapana, ndiyo kazi ya sindano hizi. Nikamsimulia habari za Joseph Meister, mtoto wa miaka 9, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa mwaka 1885, akapelekwa Paris kwa Louis Pasteur, akachomwa chanjo ambayo ilikuwa haijazoeleka kwa watu, na akaishi hadi kuwa mzee. Alisikiliza, kisha akauliza kama Joseph alilia. Nikasema nadhani alilia. "Mimi sikulia jana kutwa," akasema, na kweli hakulia, ila mkono wangu ulibaki na alama za kucha zake mpaka Kimara.

Siku ya nne Elinino hakula. Ugali wa pumba na dagaa ulikaa hadi mchana, nzi wanaufurahia. Mama aliuona, akarudi ndani bila neno, na cherehani haikusikika siku nzima. Mzee alibeba kigoda akaenda kukaa mbele ya banda. Jioni mdogo wangu alijitokeza, macho chini, akasema kuwa asubuhi alimpenyezea chapati tatu. Nilitegemea mzee awake. Badala yake alicheka mpaka akashika ukuta. Sikumbuki lini tena nilimwona akicheka vile.

Siku ya 10 bwana mifugo alikuja, akamtoa, akampima, akamkagua mdomo, na akamwita mzima. Alipotimiza miezi mitatu alichanjwa, na kadi yake ikawekwa pamoja na zile mbili za wazee. Mtoto wa jirani alipangiwa na daktari wake zilizobaki, akazimaliza. Mbao zilipoondolewa, Elinino alimrukia Subira kwa jino lilelile la zamani. Subira akanguruma mara moja, akampa mgongo. Masomo yakaendelea pale yalipokatikia.

Tangu hapo na sisi tulijiandikisha shuleni kwa Subira. Elinino akimng'ata mtu, mtu huyo husimama, hunyamaza, huondoka. Hakuna kofi, hakuna kelele. Akitulia, tunarudi. Akitaka kutafuna, anapewa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, au tairi la baiskeli. Ilichukua wiki nyingi, na ndala mbili zaidi. Leo amepita mwaka, ni mkubwa kuliko Sajini, na huchukua kipande cha mkate mkononi kwa midomo, taratibu, kama anayepokea sadaka. Alfajiri bado anasahau kutoka njiani, kwa hiyo hufungwa mnyororo hadi jua litoke. Mjukuu wa bibi anamsalimia kwa mbali, akiwa upande wake wa barabara, na ana haki yake.

Watu wa mtaani wanasema Elinino ameshapata adabu kama wenzake. Mimi nyumbani kwetu naona adabu mbili. Ya Subira ukiigusa ina joto, anajua anachofanya na kwa nini. Ya Sajini ndiyo iliyotupa sifa miaka yote ile, ya kuondoka njiani, ya kusubiri sufuria, ya kutosumbua mtu.

Lile fagio mama alilikata mpini. Siku hizi tunafagia kwa la chelewa, fupi, na mzee mwenyewe hulishika chini chini akipita karibu na tangi. Sajini huliona hata hivyo. Juzi nilimkuta mzee amechuchumaa kule chini, shati limeshika matope, kiganja amekinyoosha kina kipande cha nyama. Alikaa hivyo muda mrefu. Sajini alikuja, kwa sababu ameitwa, na Sajini akiitwa huja. Nyama aliichukua. Mkia ulikuwa bado uko katikati ya miguu.