Daftari la Baba

Marehemu baba yangu alikuwa rubani, lakini si rubani wa mshahara. Kazi yake ilikuwa uhasibu mjini Nairobi. Leseni yake ilikuwa ya binafsi, ambayo humruhusu mtu kurusha ndege ndogo bila kutoza nauli. Hakuwa na ndege yake mwenyewe. Aliikodi kwa saa Cessna 172, yenye injini moja na viti vinne, katika Kiwanja cha Wilson, kiitwacho kwa jina la Bibi Florence Kerr Wilson aliyeanzisha shirika la ndege Nairobi mwaka 1929.

Kabla ya kuruka, baba aliizunguka ndege yote akikagua magurudumu, mabawa na mafuta. Alikinga petroli kidogo katika chupa, akaiinua juani atazame kama imeingia maji. Siku moja nilimwuliza mbona hachoki na kazi hiyo. Akajibu, "Mwanangu, huko juu hakuna kando ya barabara pa kuegesha."

Mwezi wa Aprili 2017, nikiwa na umri wa miaka 9, tulipata habari kwamba nyanya, mzaa baba, yu mahututi Kisumu. Tukaondoka adhuhuri, baba, mama nami. Kwa Cessna ni safari ya kama saa moja na nusu. Bonde la Ufa tulilivuka vizuri, lakini mbele yetu milima ya Mau ilikuwa imefunikwa na mawingu mazito. Leseni ya baba haikumruhusu kuingia mawinguni. Sharti aione nchi. Alijaribu upande wa kusini, akajaribu na wa kaskazini, kisha akageuza ndege bila kusema neno. Tulirudi Wilson, tukashika barabara. Tulipofika usiku wa manane, nyanya alikuwa amekwisha kata roho tangu magharibi.

Nililia, nikamwambia baba neno lisilofaa mtoto kumwambia mzazi wake: kwamba aliogopa. Hakunikemea. Alinishika mkono tu.

Baba alifariki mwaka 2024 kwa maradhi. Mama akanipa daftari lake la safari, ambamo rubani huandika kila mruko wake. Niliitafuta siku ile, nikaiona: "Wilson hadi Wilson. Mawingu Mau. Abiria wawili, salama." Nimezisoma kurasa zote, na neno hilo "salama" hakuliandika mahali pengine popote.

Wahenga walinena, kawia ufike. Siku ile baba alimkosa mama yake ili mimi na mama yangu tufike. Wenzangu, msicheleweshe kuwaomba radhi wazazi wenu. Mimi nilichelewa, nami namwomba baba radhi leo katika gazeti letu hili.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne