Jini la Pima Ishirini

Alipotoa kichwa majini, mtoto wa ami alikuwa anacheka. Ameinua kimia chake juu kwa mkono mmoja, kimejaa mapauni, majongoo bahari wenye bei, na anampigia nahodha kelele kwamba Iddi ya mwaka huo watoto wake watavaa viatu vya dukani. Baada ya hapo sikumsikia akicheka tena mpaka Iddi hiyo ikapita na ya kuchinja ikaingia.

Ilikuwa Februari 1993, siku kama 10 hivi kabla ya Ramadhani. Tulikuwa tumepiga dago, kambi ya uvuvi, kusini ya Mafia, kwenye visiwa vidogo vya Okuza na Nyuni, watu 14 na mashua moja. Sisi ni watu wa Kojani, Pemba, na kwetu mwanamume huhesabu umri wake kwa madago. Lile lilikuwa la tisa kwangu, na la kwanza kwa mitungi ya hewa. Kaskazi ilikuwa imetulia, maji mafu, mkondo mdogo, na tope la Rufiji lilikuwa bado halijashuka, kwa hiyo ukichungulia ubavuni mwa mashua uliona mwamba wote ulivyolala.

Baba alizamia kwa pumzi yake. Miwani yake ya mwanzo aliitengeneza mwenyewe kwa kioo cha dirisha na mpira wa ndani wa tairi. Alishuka pima saba, mara chache nane, akatoa pweza au kambakoche, akarudi. Mwili wake ndio uliokuwa saa yake: kifua kikianza kumpigapiga, safari imekwisha. Kijana aliyevuta pumzi nyingi harakaharaka kabla ya kushuka, ili akae sana chini, wazee walimkaripia vikali. Hawakujua kwamba kuhema vile huifukuza mwilini ile hewa chafu ambayo ndiyo humgongea mtu mlango na kumwambia apumue. Walichojua ni kwamba vijana wa namna hiyo huzimia wakiwa wamebakiza pima moja kufika juu, na huzama kimya.

Masikio ndiyo aliyoyatoa sadaka. Ukishuka mita 10 tu, uzito unaokubana umekuwa mara mbili ya ule wa nchi kavu, na ngoma ya sikio husukumwa ndani. Usipobana pua ukaisukuma pumzi masikioni, hupasuka. Baba la kushoto lilimpasuka kabla mimi sijazaliwa. Ndiyo maana nyumbani kwetu hadi leo tunazungumza kwa sauti kubwa, na wageni hudhani tunagombana.

Mitungi ililetwa na tajiri mmoja wa Dar es Salaam aliyenunua majongoo bahari. Jongoo mchanga wa maji ya magoti walikwisha kuokotwa na kila mtu, wakiwemo wanawake na watoto. Waliobaki wenye bei ni pauni na spinyo mama, na hao makazi yao chini. Sisi hatuwali. Hupasuliwa, huchemshwa, huzikwa mchangani wakasuguliwa ngozi, huanikwa mpaka wakawa kama vipande vya soli, kisha husafirishwa mpaka Hong Kong. Mzamiaji mwenye mtungi alipata kwa siku moja alichopata baba yangu kwa mwezi. Nani angekataa?

Mafunzo yetu yalikwisha katika muda wa kuvuta sigara moja. Hiki king'ate mdomoni. Vuta pumzi kwa mdomo, usivute kwa pua. Ukiona hewa inakuwa nzito, panda. Hatukuwa na saa wala kipimo cha kina. Mafundo ya kamba ya nanga ndiyo yaliyotuambia kwamba mwamba uko pima 20, yaani mita 36 hivi.

Naomba nikae kidogo huku chini, maana wengi wanaosimulia habari hizi hawajafika.

Kitu cha kwanza kinachokuacha ni rangi. Nyekundu haifiki mbali. Ndani ya pima chache imekwisha, kisha hufuata rangi ya chungwa, na kule tulikofanya kazi vitu vyote vimekuwa buluu na kijivu. Siku ya pili nilichanika kiganja kwenye tumbawe. Damu ilitoka kijani, kijani kizito kama maji yaliyolowekewa mwani, ikapanda mbele ya miwani yangu kama moshi wa udi. Nilidhani nimepasua mnyama. Nilipotoka juu ilikuwa nyekundu kama damu ya mtu yeyote.

Kisha macho yanakudanganya. Kioo cha miwani huvikuza vitu na kuvileta karibu; unanyoosha mkono kumshika jongoo, mkono unaambulia maji. Sauti nayo hukimbia majini mara nne na zaidi kuliko hewani, hivyo masikio yote mawili huipokea kama kwa wakati mmoja na hayawezi kukuonyesha upande. Boti ikipita, injini yake huisikii kulia wala kushoto, unaisikia ndani ya fuvu. Tulikuwa na desturi ya kupanda mkono mmoja ukiwa umetangulizwa juu ya kichwa, na si kwa adabu.

Baridi watu hawaiamini nikiwaambia. Maji ya kaskazi ni ya uvuguvugu, lakini maji huupokonya mwili joto mara 25 hivi kuliko hewa. Mtungi wa tatu ukiisha meno yalikuwa yanagongana, jua la saa sita likiwaka juu yetu, na mpishi wa dago akitupa uji wenye pilipili manga nyingi.

Na kuna furaha. Hii ndiyo niliyokuja kuiogopa kuliko papa. Ukikaa kule, hewa ile ile unayoivuta inakulevya, nami sijaonja pombe maishani. Nilikuwa nahesabu mapauni kimiani: moja, mbili, mpaka saba, halafu nne, halafu tena saba, na wala halikunisumbua. Nilijisikia kama mtoto asubuhi ya Iddi. Siku moja nilimwona mtoto wa ami ametulia mbele ya chewa mkubwa, anamtikisia kichwa, anakubaliana naye jambo. Tulipofika juu nikamuuliza walikuwa wanasema nini. Akaniambia, "Yakhe, kanambia nikae."

Tulicheka sana siku ile.

Siku yenyewe alikuwa ameshatumia mitungi mitatu kabla ya adhuhuri. Ule wa nne ulimwishia chini. Lazima uishe upesi, kwa sababu kule pumzi moja hula hewa ya pumzi nne na nusu za juu. Mtungi ambao ufukweni ungekutosha saa nzima na zaidi, pima 20 unakupa dakika 20 na ushei. Alipoona hewa nzito alijisukuma mwambani kwa miguu yote miwili, akaja juu kama boya lililokatika kamba.

Alicheka, alipanda mashuani, aliomba sigara. Haikufika nusu akaanza kujikuna mikono na kifua. Kisha bega la kulia, akisema linamuuma kama jino. Akajilaza juu ya matanga. Nilikuwa namwaga maji ya ngama aliponiita, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Niondolee gunia miguuni."

Hapakuwa na gunia.

Nahodha wetu, mtu mzima aliyewahi kuyaona haya kwenye dago jengine, akasema neno ambalo sote lilitushtua: "Mrudisheni chini." Tulimfunga mtungi uliobaki, mimi na mwenzangu tukamshika huku na huku, tukashuka naye kwa kamba ya nanga. Tulipofika kama pima nane, mguu wake wa kushoto ulitikisika. Wallahi niliuona. Akanigusa kifuani akitikisa kichwa kwamba sasa ni afadhali, bega limemwachia. Tukakaa tunaning'inia pale kama popo, mpaka mtungi ukaisha na sisi tukawa tunatetemeka. Tukampandisha. Jua halijatua, maumivu yamerudi kwa kishindo, miguu yote miwili imekufa, na sasa na mkojo ukakataa kutoka.

Usituone wajinga kwa tulivyofasiri. Mtu ana maumivu juu, akishushwa chini yanamwacha, akipandishwa yanamkamata. Ungefasiri vipi? Kuna kitu kule kimempenda na kinamtaka. Yule chewa akakumbukwa. Usiku ule mzee mmoja wa dago alimwandikia kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, likakoshwa kwa maji ya waridi, akanywa. Mimi nilishika tochi.

Asubuhi tulimvusha bara. Zahanati ya kwanza ilimpa sindano ya malaria. Ya pili walau ilimtia mpira wa mkojo, na naamini huo ndio uliomwokoa roho. Kutoka Kilwa tulipanda lori la chumvi, yeye amelazwa juu ya mikeka. Wakati ule daraja la Rufiji halikuwapo, lilifunguliwa mwaka 2003, kwa hiyo ilikuwa kungoja kivuko cha Ndundu. Tukalala kando ya mto, nikimpepea mbu wasimle miguu, naye akiniambia nisijisumbue kwa kuwa hawasikii.

Siku ya tano, Dar es Salaam, daktari kijana alikuwa mtu wa kwanza kuuliza swali lililotakiwa. Hakuuliza homa. Aliuliza, "Alikuwa anazamia?" Nikasema ndiyo. "Mitungi mingapi kwa siku?" Nikasema minne, mara nyingine mitano. Akaivua miwani yake akaifuta, na hakuwa na haraka ya kuivaa.

Alinieleza kwa lugha ya daftari la dukani. Hewa tunayovuta, karibu sehemu nne katika tano ni naitrojeni, nayo mwili hauitumii. Ukiwa juu inaingia na kutoka bila habari. Ukibanwa na uzito wa maji, inayeyuka ndani ya damu, ndani ya mafuta, ndani ya uti wa mgongo. Hilo ni deni. Kadiri unavyokwenda chini na kukaa sana, ndivyo unavyokopa. Ukipanda polepole, ukisimama njiani, unalipa kidogo kidogo kwa pumzi. Ukipanda mbio, deni lote linadaiwa kwa mara moja, na naitrojeni inatoka ikiwa mapovu papo hapo ilipo: kwenye maungo, chini ya ngozi, kwenye uti wa mgongo. Kumshusha tena kulimpa nafuu kwa sababu maji yaliyaminya mapovu yakawa madogo. Lakini pale pale alikuwa akiendelea kuvuta hewa ya mtungi, anakopa juu ya deni, na kuna wanaofia katika kushushwa huko. Dawa yake, akasema, ni oksijeni upesi, na chumba cha chuma ambamo mgonjwa hubanwa kwa hewa kisha akaachiwa taratibu kwa masaa. Pale hakikuwapo. Na siku tano zilikuwa zimeshapita.

Sikuyashika yote siku ile. Niliyashika miaka minane baadaye, nilipokuwa baharia kwenye boti inayopeleka watalii kuzamia. Mwalimu wao alikuwa na kadi ya plastiki, saizi ya kiganja, imejaa tarakimu. Nikamwomba anionyeshe mita 36. Akaweka kidole: haifiki dakika 15, kisha mtu apande polepole, apumzike, na akirudi tena siku hiyo asirudi pale. Nikamuuliza kadi hii ilibuniwa lini. Akanisimulia habari za mtaalamu wa Uingereza, John Scott Haldane, aliyewafungia mbuzi kwenye chumba cha hewa nzito ili ajue wapandishwe kwa mwendo gani wasilemae. Ratiba yake ilichapishwa mwaka 1908.

Nilihesabu vidole. Mpaka dago letu lile, miaka 85. Mbuzi wa Uingereza walishalipa, na sisi mashuani Okuza tulipewa mitungi bila kadi. Mitungi ilisafiri, mashine ya kuijaza ilisafiri, jongoo wakasafiri mpaka Hong Kong. Kilichokosa nafasi kwenye jahazi ni kile kikaratasi. Sisemi tajiri alikificha. Nadhani na yeye hakuwahi kukiona. Lakini tangu siku ile, nikisikia kijana anasema jini limemshika baada ya kuzamia, simbishii. Namuuliza lilimshika pima ngapi na mtungi wa ngapi, kisha namtafutia gari. Na ambaye bado hajazamia namuuliza mengine: aliyeujaza mtungi aliweka bomba la kuvutia hewa upande gani wa mashine? Kwa maana likielekea kwenye moshi wa injini, sumu inashindiliwa mtungini, na huko chini haina harufu.

Mtoto wa ami alianza kutambaa baada ya miezi miwili na kusimama baada ya minne. Alitegemea magongo mawili, kisha moja, kisha bakora, ambayo anayo hadi leo. Alipata watoto wengine watatu na ni fundi wa nyavu anayetegemewa Kojani nzima. Miguu inamchukua, ila nyayo hazikurudi. Saa nane mchana, mchanga ukiwa wa moto, huanza kwa kuitazama miguu yake kama ndara zimo, kwa sababu zikichomoka hatajua mpaka aone malengelenge.