Walioachwa nje ya picha

Alhamisi, 18 Septemba 2025
Nimepitia saiba iliyo karibu na njia panda ya Sondu nikachapisha ile picha ya Mathayo kuitwa, kazi ya Caravaggio, 1599 hadi 1600. Turubai lenyewe lina zaidi ya mita tatu kila upande, limetundikwa katika kanisa la San Luigi dei Francesi, Roma. Karatasi yangu ni ndogo na wino umezidisha giza, lakini meza inaonekana, na wanaume watano, na sarafu. Kristo amesimama kulia, Petro karibu amfiche. Eksirei zimeonyesha kwamba Petro hakuwamo mwanzoni. Mchoraji alimwongeza baadaye.

Dirisha liko juu ya mkono wa Kristo na halileti mwanga wowote. Nuru inatoka nje ya picha, upande ule alikoingilia Yesu, inapita ukutani mpaka kwenye nyuso za wale watu. Hapo ndipo nitakapoanzia na jumuiya yetu ya Kikristo Jumanne.

Ijumaa, 19 Septemba
Tumepeleka majani ya chai kituoni. Karani alitoa uzito wa gunia, kisha akatoa tena kwa sababu ya unyevu, na jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi. Mama aliyenitangulia aliangalia mizani, akaangalia kitabu, akanyamaza. Nami nilinyamaza.

Usiku nimeishika picha nikawatafuta waliotozwa. Hawamo. Kapernaumu ulikuwa mji wa wavuvi, na Mathayo, mtoza ushuru wake, alikula jasho la watu wale, lakini Caravaggio hakumchora hata mmoja wao. Chumba ni cha makarani watupu, kijana mmoja mwenye manyoya kofiani, mwingine na upanga kiunoni, mzee wa miwani ameinamia fedha. Wenye fedha hizo wangesimama wapi? Hapa nilipo mimi, mbele ya meza, magunia yakiwa yameshapimwa. Tunatakiwa tushuhudie aliyetutoza akiitwa, wala hatuulizwi kama tumeridhika. Sijawahi kuona picha takatifu inayomdai mtazamaji kiasi hiki.

Jumamosi, 20 Septemba
Wataalamu bado wanabishana Mathayo ni yupi. Wengine wanasema ni kijana wa mwisho wa meza, aliyeinamisha kichwa akihesabu, na kwamba yule mwenye ndevu anamwonyesha yeye kwa kidole. Mimi nasimama na mwenye ndevu. Katika kikanisa ilimotundikwa picha hii kuna picha mbili nyingine za Mathayo, akiandika Injili na akiuawa, na zote zinamchora na ndevu. Kidole chake nakisoma kama swali: mimi? Mkono wa Kristo nao umelegea kama ule wa Adamu aliouchora Michelangelo katika Sistina. Anaita bila kufoka.

Jumapili, 21 Septemba
Leo ingekuwa sikukuu ya Mathayo, lakini Dominika imeitangulia. Injili ilikuwa ya wakili dhalimu, Luka 16, hesabu tena! Nimesali Kericho, katika Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu lililowekwa wakfu 2015. Nalipenda paa lake, ule mwanya wa kioo unaofuata uti wa dari kutoka mlangoni hadi altareni. Nuru yake inatushukia wote, wauza majani na wapima majani. Ya Caravaggio inatoka upande mmoja na inachagua. Nadhani tunazihitaji zote mbili, ingawa hii ya pili ndiyo inayoninyima usingizi.

Jumanne, 23 Septemba
Jumuiya. Picha imezunguka mkono kwa mkono. Vijana walipenda upanga. Kogo, mzee kuliko sisi sote, aliisogeza dirishani, akaitazama kwa muda, akauliza, "Mwalimu, huyu alirudisha?"

Nikamwambia Zakayo ndiye aliyeahidi kurudisha mara nne. Kwa Mathayo, Luka anataja karamu kubwa aliyoiandaa nyumbani, na watoza ushuru wenzake wakaketi kula.

"Na waliotozwa walialikwa?"

Hilo Luka hakuliandika, nikamwambia hivyo. Kijana mmoja akadai kwamba kuiacha meza ni kulipa tosha. Kogo akakataa katakata, na moyoni nilikuwa upande wake. Kisha akamtaja karani wetu, ambaye ni mwanajumuiya na ameacha kuja tangu Pasaka. Akasema aitwe wiki ijayo, tena tukutanie nyumbani kwake, na yeye Kogo atakuja na maziwa.