Sauti na Mtambo

Maji yakimwagika hayazoleki. Ndivyo ilivyokuwa sauti ya mwanadamu kwa zama nyingi: ikitoka kinywani huingia masikioni, kisha hupotea. Ulipozuka mtambo wa kuizoa, wengi walidhani umeletwa kwa kazi moja tu, nayo ni kuhifadhi. Habari ya Masasi na Newala yafunza lingine.

Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani wa makumbusho ya Leipzig, alifika Masasi, kisha akapanda uwanda wa juu wa Makonde hadi Newala, akiwa na fonografu na silinda za nta. Miongoni mwa walioimba mbele ya pembe ya mtambo huo alikuwa kipofu aitwaye Sulila, ambaye jina lake limo katika kitabu alichokitoa Weule mwaka 1908. Hazikuwa siku za amani. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza mwaka 1905, misheni ya Masasi ilichomwa moto mwaka huo huo, na mgeni mwenyewe alisafiri akilindwa na askari.

Fonografu ilikuwa msikilizaji mwenye masharti. Silinda moja ilichukua dakika chache tu, na pembe ilipokea sauti ya karibu, ikaziacha za mbali. Lakini ngoma huweza kukesha. Kiongozi hutoa neno, umati ukaitika. Kwa hiyo wimbo wa watu wengi ulipunguzwa mpaka ukatosha katika nta, na mwenye mtambo ndiye aliyeamua ukatike wapi. Tangu siku hiyo chombo kilikuwa na mkono katika utungaji.

Baada ya miaka hamsini, mwaka 1956, Karlheinz Stockhausen alitoa mjini Cologne kazi iliyochanganya sauti ya mtoto wa kiume na milio iliyozaliwa na umeme. Sauti ilikatwakatwa na kurudufiwa, hata sikio likashindwa kupambanua mtoto na mtambo. Na huku kwetu vijana wa Dar es Salaam wamezua singeli: mapigo ya kompyuta hupita 200 kwa dakika, na mwimbaji hukimbizana nayo kwa maneno. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, ukasikika mbali. Lililo kubwa katika singeli si kasi yake. Mwenye sauti na mwenye mtambo ni watu wa mtaa mmoja. Wimbo ukikatwa, mwimbaji yupo, naye aweza kukataa.

Sulila hakuwa na nafasi hiyo, wala hawezi kuipata sasa. Hili lamhusu kila mtunzi anayetamani kuchanganya sauti kongwe na milio ya elektroniki. Nta iliyochakaa hukwaruza, na mkwaruzo huo huweza kulivutia sikio la leo kuliko maneno yenyewe. Hapo pana hatari: mtu aliyesema jambo kwa lugha yake hugeuzwa ukungu mzuri, akasifiwa kwa kutoeleweka. Hakuna sababu ya kuyaharamisha majaribio hayo, maana sanaa isiyojaribu hudumaa. Lakini jaribio la haki huanza kwa maana. Maneno na yafahamike kwanza, yawe ya Kiyao, Kimakua, Kimwera au Kimakonde. Jina la mwimbaji litajwe kama litajwavyo la mtunzi. Na wenyeji waisikie kazi kabla haijapelekwa ugenini.

Huo si wema tu, bali ni faida ya sanaa pia. Fundi atakayeicheza sauti ya namna hiyo Newala, mbele ya wasemao lugha yake, huenda akaambiwa kwamba pana neno alilolikata katikati.