Radhi ya Tano: Neno "Shoga" na Msomaji wa Utendi wa Mwana Kupona

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, umehakikiwa mara nyingi kama wosia wa unyumba. Mtunzi wake, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Aliutunga akiwa mgonjwa, akimuusia bintiye, Mwana Hashima. Wako wahakiki walioona humo utiifu mtupu. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, aliutazama upya na kuonyesha kwamba maneno ya utiifu yanaweza kubeba kejeli. Katika mjadala huo, swali moja limepewa nafasi ndogo: utendi huu unamwambia nini binti ambaye moyo wake haukuelekea kwa mume?

Binti wa namna hiyo ndiye anayezungumziwa hapa. Alizaliwa Lamu, akahifadhi beti za utendi kwa nyanya yake kabla ya kujua kusoma, na alipoingia masomo ya uzamili akaufanya kuwa mada ya tasnifu yake. Mtunzi anataja watano ambao mwanamke hana budi kupata radhi zao: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Radhi nne za mwanzo msomaji huyu alizitaka kwa dhati, na anazitaka bado. Ya tano ilimsimamisha, kwani tangu ujana wake aliyempenda ni mwanamke mwenziwe, ambaye mbele ya watu wote alimwita "shoga yangu".

Neno hilo lastahili kuzingatiwa. Wanawake wa pwani huitana shoga kwa maana ya rafiki wa karibu, na hakuna ageukaye kutazama. Neno hilo hilo likielekezwa kwa mwanamume huwa ni tusi. Kwa mwanamke apendaye mwanamke, tusi ni jingine: msagaji. Hivyo wawili hawa waliishi ndani ya neno lisilowashtaki. Katika mji wa kale wa Lamu, nyumba nyingine ziliunganishwa na wikio, yaani kivuko kilichojengwa juu ya njia, ambacho kiliwawezesha wanawake kutembeleana pasipo kushuka mtaani. Urafiki wao ulikuwa na njia iliyopita juu ya macho ya mpita njia.

Lugha yenyewe inaruhusu jambo hilo. Kiambishi a- hakitofautishi mume na mke. Katika shairi la mapenzi, pasipo jina au sifa ya kumbainisha mpendwa, ni msomaji anayemjalizia jinsia kwa mazoea yake. Aidha, Mwana Kupona anazungumza juu ya matendo: kusema kwa adabu, kutunza nyumba, kutimiza haki ya kila mwenye haki. Haulizi mtu ni wa aina gani. Gill Shepherd, aliyeandika kuhusu Mombasa mwaka 1987, naye alieleza kwamba hadhi na uwezo wa mtu vilipewa uzito kuliko jinsia ya mpenzi wake.

Hata hivyo, ukimya huo usisifiwe kupita kiasi. Nafasi uliyoitoa ilikuwa ya yule aliyekwisha kulipa deni la ndoa. Msomaji huyu hakuolewa. Alipopita miaka thelathini, mamake aliacha kumuuliza, na kuacha huko kulimuumiza kuliko swali. Shoga yake aliozwa na kuhamia mji mwingine. Hapana aliyempa pole, kwa kuwa hapana aliyejua kwamba amefiwa na kitu.

Nje ya kisiwa, majina yanadaiwa waziwazi. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, urithi wa sheria ya Kiingereza, kinaweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa tendo "kinyume cha maumbile". Mahakama Kuu ilikiacha kisimame tarehe 24 Mei 2019. Kwa upande mwingine, Mahakama ya Juu iliamua mwezi Februari 2023 kwamba haikuwa halali kukataa kusajili shirika la kutetea haki kwa sababu ya maneno yaliyomo katika jina lake. Mgogoro wa miaka kumi ulianzia katika jina. Asiye na jina hawezi kushtaki wala kudai haki; msomaji huyu analitambua hilo, na hawadharau waliojitwika lakabu ili wapate kusikilizwa.

Lakini msimamizi wa tasnifu alipomtaka aainishe msimamo wake kwa istilahi moja miongoni mwa zile za nadharia za Magharibi, alikataa. Hoja yake ni kwamba istilahi hizo zinaeleza ampendaye mtu, na haziwezi kueleza radhi nne alizozishika pamoja na ile moja aliyoikosa. Katika sura ya mwisho alitumia neno shoga pasipo alama za mtajo na pasipo tanbihi. Mhakiki atakayemsoma hana budi kuamua mwenyewe ni maana ipi asikiayo, na kwa nini aliisikia hiyo kwanza.