Vilima vya Namoto

"Shikamoo, mjomba. Njoo uone vilima vya kwenu." Mpwa wangu, anayesomea upimaji wa ardhi, alikuwa amechora mstari kwenye kompyuta kutoka Mueda hadi Namoto, na chini ya ramani ukajichora mkato wa ardhi: uwanda wa juu wa Mueda, mteremko mrefu, halafu karibu na mdomo wa mto Ruvuma vijilima vimepangana. Nimezaliwa Namoto. Pale hakuna kilima. Ile ni mikoko.

Vipimo alivyotumia vilichukuliwa kwa rada kutoka chombo cha anga Endeavour, Februari 2000, kwa siku 11. Rada ile hunaswa na majani na matawi kabla ya kufika kwenye tope, kwa hiyo mti huhesabiwa kuwa ardhi. Hilo kijana kafundishwa darasani, ila hakufikiria kumuuliza mtu wa pale kuna nini.

Sisi enzi zetu tulichora mikato kwa mkono, Mtwara, katika ofisi iliyonuka amonia ya mashine ya kunakili ramani. Harufu ile ilikuchoma macho asubuhi, na jioni mkeo aliijua kwenye shati. Mchoraji wetu alikuwa Mmwani wa Palma, mzee mkimya, mwenye kuchonga penseli kwa wembe na kufungia karatasi za grafu kabatini kama dhahabu. Alilaza ukanda wa karatasi juu ya mstari, akatia alama kila ulipokatwa na kontua, akaandika kimo chake, kisha akauhamishia kwenye grafu na kupandisha nukta moja moja. Kuziunganisha hakutumia rula. Alitulia kwanza, akakumbuka kama mahali penyewe pana korongo au bonde pana, ndipo mkono ukaenda.

Na hukuthubutu kumpelekea mkato bila kuandika pembeni umekuza kimo mara ngapi. Mueda na Namoto zimeachana kilometa kama 150, na Mueda iko juu mita kama 800. Chora umbali huo kwa sentimita 30 bila kukuza kimo, Mueda yote haitimii milimita 2. Siku hizi programu inavuta mchoro wenyewe ujaze dirisha, na vijana wanaona milima.

Taabu yetu ilikuwa mto Ruvuma, mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Ramani za Tanzania tulizokuwa nazo ziliishia ukingoni, kwa futi. Za Wareno zilianzia ng'ambo, kwa mita. Mzee aligeuza futi kuwa mita, na palipobaki wazi akaweka vinukta kwa maelezo ya wavuvi.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Zikaja kompyuta, zikaja takwimu za rada kwa hatua ya mita 90, mwaka 2014 zikashuka hadi 30, na mwaka 2022 programu ya ramani ya QGIS ikaingiza mkato ndani yake yenyewe. Nakiri ni raha: unapitisha kipanya kwenye mchoro na alama inatembea kwenye ramani. Na rada haina mpaka. Hapo ndipo nilipoona uwanda wa Newala na wa Mueda katika mstari mmoja, zinatazamana, Ruvuma katikati. Mzee angelipa mshahara wa mwezi kuona hivyo.

Mpwa wangu sasa amepata takwimu mpya zilizoondolewa miti, na vilima vimetoweka. Amefurahi, ameshapanga kwenye kazi yake ya chuo mahali pa gati jipya la kivuko kati ya Kilambo na Namoto. Lakini mto wenyewe kwenye mkato wake ni mstari ulionyooka: uso wa maji tu, chini hakuna kitu. Mafungu ya mchanga ya Ruvuma huhama, na mwenye mtumbwi huyajua kwa kuchomeka upondo. Nilimwambia aende akaulize. Akasema data inatosha. Basi kivuko hicho akipande yeye kwanza, siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa.